Kampuni kubwa ilinifundisha kusimama

Kijana akiniambia amepata leseni daraja E na anatafuta gari la kuanzia, jibu langu huwa moja: nenda kampuni kubwa ya malori, hata kama posho yake ni ndogo kuliko ya tajiri mwenye malori mawili. Wengi hawalipendi jibu hilo. Kwenye vijiwe vya madereva, Tabata mpaka Buguruni, kampuni kubwa zina sifa mbaya. Gari lina kidhibiti mwendo, tenki lina kifaa cha kupima mafuta, simu inaita kila ukisimama, na huruhusiwi kupakia hata gunia moja la mkaa wa kupeleka nyumbani. Yote hayo ni kweli, sibishi. Kabla ya kuajiriwa kampuni kubwa niliendesha fuso la tajiri kati ya Dar na Lindi, na najua utamu wa kazi ile: unapakia abiria wawili watatu mbele, unanunua korosho njiani, jioni una chako mfukoni.

Lakini kuna kitu tajiri mdogo hawezi kukupa hata awe na roho nzuri kiasi gani, nacho ni nafasi ya kusimama. Gari lake likilala siku mbili, ada ya mtoto wake imelala nalo. Atakupigia, atakubembeleza, atakukumbusha alivyokusaidia msiba wa baba yako, na mwishowe utawasha gari ukiwa na tairi lililokwisha au usingizi machoni. Kampuni yenye magari mia, moja likisimama tisini na tisa yanatembea. Kwa dereva mgeni hiyo ndiyo faida kubwa kuliko mshahara, maana mgeni bado hajui kutofautisha mlio wa kawaida na mlio wa hatari. Anahitaji kusimama mara nyingi, hata pale ambapo baadaye itaonekana hapakuwa na sababu.

Usaili wangu wa kuingia kampuni kubwa ulifanyika yadini, upande wa Barabara ya Nyerere. Tulikuwa kundi zima tumekaa chini ya mwembe na bahasha za vyeti. Wengine walipitia VETA, wengine NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, wengine walijifunzia kwa wajomba na vyeti vikafuata baadaye. Ilitakiwa barua ya serikali ya mtaa, wadhamini, pasi ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, vipimo vya macho, presha na sukari. Kijana mmoja aliyeendesha vizuri kuliko sisi sote alirudishwa kwa ajili ya macho. Alikuwa haoni mbali na hakuwahi kujua.

Kila mtu alikuja akiwa amejiandaa kwa kurudisha tela nyuma. Hilo ndilo jaribio tunaloogopa, kwa sababu usukani unakwenda kinyume na unakotaka mkia uende, na ukichelewa kunyoosha kidogo tu, kichwa na tela vinakunjana. Tulirudisha, ndiyo, lakini walioachwa hawakuachwa hapo. Mkaguzi alikuwa hatoi ufunguo. Anakuonyesha gari na kukwambia, "Zunguka, kisha uje uniambie umeona nini." Walioenda moja kwa moja kushika mlango wa kabini hakuwauliza swali la pili.

Miezi ya mwanzo hupewi gari lako. Unapangwa na dereva wa zamani, unakaa kiti cha kushoto, unaendesha anapokuruhusu. Mimi nilipangiwa mzee mmoja ambaye alikuwa haongei sana na hapendi redio. Nilimwamkia shikamoo kila alfajiri, naye aliitika marahaba huku ameshanikabidhi tochi na nyundo.

Kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu lina matairi 22 yanayogusa barabara. Mzee aliyagonga yote. Tairi lenye upepo wa kutosha linairusha nyundo irudi mkononi, lililopungua linaimeza kwa mlio mzito. Macho hayawezi kukwambia hilo kwenye matairi pacha, kwa sababu la nje likiwa zima linalibeba la ndani ambalo limekwisha, na kwa nje gari linaonekana limekaa sawa. Ukitembea hivyo, lile zima linabeba mzigo wa mawili, linachemka, na linapasuka mbele ya safari. Kisha alimulika nati za magurudumu. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati maana yake nati imelegea, hata kama mkononi haichezi. Akavuta kamba za matenki ya upepo unaoendesha breki ili maji yatoke, kwa sababu unyevu wa Dar unaingia humo na kukaa. Akawasha, akajaza upepo mpaka mshale wa upepo ukasimama, akazima injini, akakanyaga breki na kuishikilia bila kuongea. Mimi nilitakiwa kuutazama mshale tu na kusikiliza. Kama kuna uvujaji, ukimya wa yadi alfajiri ndio utakaokwambia. Mchana kwenye kelele za Mandela hutasikia kitu.

Mwisho aliingia chini, pale kichwa kinapoungana na tela, akamulika meno ya sahani yaliyoishika pini. Hakuridhika kwa kuona. Alipanda, akafunga breki za tela, akavuta mbele kidogo. Tela likakataa, naye akaridhika.

Kazi hiyo yote ilikuwa inakula karibu saa nzima, na siku za mwanzo ilinikera. Madereva wengine walikuwa wameshatoka, wamepita Ubungo kabla foleni haijashika, sisi bado tunagonga matairi. Nilipomwambia, alinijibu: "Barabara ya Morogoro haijawahi kuondoka na mtu, dogo. Tutaikuta." Wazee hawa wana majibu ambayo huwezi kuyajibu.

Kutoka Dar na mzigo wa Kongo, kituo cha kwanza cha kukupima akili ni Pwani. Pale Misugusugu maofisa wa TRA wanaangalia mizigo ya kupita nchini, na hapo namba ya sili, ile lakiri ya kufungia kontena, lazima ilingane na namba kwenye karatasi. Tarakimu moja ikipishana mtakaa. Kwa hiyo namba hiyo unaisoma mwenyewe kabla ya kutoka bandarini, unaisoma kwa sauti, na unaipiga picha. Usimwachie wakala wa forodha. Wakala atakuwa amerudi zake Kurasini akinywa chai.

Kisha inakuja mizani ya Vigwaza, na hili la mizani nitalieleza kwa kirefu kwa sababu wageni wengi wanadhani swali ni moja tu, gari lina tani ngapi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inapima jumla na inapima kila kundi la ekseli. Gari la ekseli sita kama letu kikomo chake ni tani 50, lakini hizo zimegawanywa: 8 kwenye usukani, 18 kwenye jozi ya nyuma ya kichwa, 24 kwenye ekseli tatu za tela. Unaweza kuwa na tani 48, ukajiona uko salama, na bado ukaambiwa uvute pembeni, kwa sababu aliyepakia kontena alirundika vitu vizito vyote mbele na ekseli za kichwa zimeelemewa. Na kontena lina sili. Huwezi kulifungua pembeni ya barabara uanze kuhamisha mzigo nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kutoka, dai karatasi ya mizani inayoonyesha uzito wa kila kundi. Watakwambia hakuna muda. Dai. Hapo ndipo kampuni kubwa inapokufaa, maana ukimpigia mtu wa operesheni ukamwambia ekseli za kichwa zimezidi, anajua faini itatua kwenye meza yake na atakusikiliza. Nilipokuwa na fuso, tajiri wangu angesema, "Nenda tu, utaongea nao." Nilijifunza kuongea sana miaka ile.

Zaidi ya hapo barabara yenyewe unaizoea. Chalinze, Mikese, Msamvu. Ndani ya hifadhi ya Mikumi mwendo unashuka, mchana 70, usiku 50, na bango la faini za wanyama liko wazi kwa kila mwenye macho. Mabasi yatakupita hata kwenye mstari usiokatika, wewe gari lako zito mwisho ni 80 na kidhibiti kinakumbuka. Acha wapite. Dereva wa basi ana ratiba yake na Mungu wake.

Mlima Kitonga ndio unaostahili kurasa. Ukitoka Dar unaupanda, baada ya Ruaha Mbuyuni na wauza vitunguu wake, na kupanda kuna adabu yake: gia ndogo mapema, nafasi kubwa na gari la mbele kwa sababu likishindwa litarudi nyuma, na usijaribu kumpita mtu. Ni polepole, unachoka, lakini gari linalopanda halikimbii. Shida ni kurudi. Unarudi na shaba, mzigo mdogo kwa macho, umelala katikati ya tela kama hakuna kitu, na ndio uzito ule ule.

Mzee alisimama juu kabisa, kabla mteremko haujaanza. Hakukuwa na hitilafu yoyote. Alishuka, akazunguka, akasogeza kiganja karibu na kila ngoma ya breki bila kuigusa, akisikiliza joto. Zote zilikuwa sawasawa. Angekuta moja ya baridi kabisa wakati nyingine zina uvuguvugu angejua hiyo haifanyi kazi. Alipopanda akanipa usukani na kuniambia gia ninayotaka kushukia niichague pale pale juu, kwa sababu gari likishaanza kukimbia, gia ndogo haitaingia tena, na ukiitoa ile uliyonayo ukakosa ile unayoitaka, umebaki na breki tupu.

Tukaanza. Injini ikanguruma, breki ya injini imefungwa, mwendo wa mtu anayekimbia. Mguu wangu ulitaka kukaa juu ya breki muda wote, kwa kuigusa tu kidogo, kidogo. Mzee akasema, "Toa." Nikatoa, gari likaongeza mwendo, tumbo likapanda kifuani. "Subiri." Mshale wa mwendo ulipofika alipotaka akasema, "Sasa kanyaga kweli." Nikakanyaga, gari likatulia, akasema tena, "Toa." Tukashuka hivyo kona kwa kona. Breki inayoguswa muda wote haipati kupumua. Inachemka, kitambaa chake kinapoteza mshiko, na siku utakayoihitaji utakanyaga mpaka sakafuni bila jibu. Inayokanyagwa kweli na kuachiwa inapata upepo wa kupoa.

Katikati ya mlima lori moja lilitupita likitoa moshi kwenye magurudumu ya nyuma. Harufu yake iliingia mpaka kabini, harufu kali ya kitu kinachoungua ambayo ukishaijua huisahau. Mzee alilisindikiza kwa macho. "Huyo anakimbilia wapi, na bonde lenyewe haliondoki?" Chini tulilikuta limesimama, dereva anamwagia magurudumu maji, jambo ambalo nalo si la kufanya, kwa sababu chuma cha moto kikipata maji ya baridi ghafla kinaweza kupasuka. Mzee alisimama akamwambia hivyo kwa upole. Hakumwambia kitu kingine.

Baadaye nilipewa gari langu, na swali la kusimama likawa langu peke yangu. Usiku mmoja, nikikaribia Makambako, nilisikia mlio wa upepo nikiwa nimepunguza mwendo kwenye tuta. Nikaegesha penye mwanga, nikazima, nikasikiliza. Bomba la upepo la tela lilikuwa limesuguana na chuma mpaka limetoboka, na mshale wa upepo ulikuwa unashuka ukiwa unautazama. Nikampigia mtu wa zamu. Alitaka nifungie mpira, nisogee, kwa sababu foleni ya Tunduma ilikuwa inakua na mteja alikuwa anauliza. Nikamwambia nitamwandikia. Nikapiga picha ya bomba, picha ya mshale, nikaandika: "Nimesimama Makambako. Bomba la upepo la tela linavuja. Siondoki mpaka fundi afike." Nikatuma, nikapanga pembetatu nyuma ya gari, na matawi ya miti kwa sababu si kila mtu anaelewa pembetatu lakini kila mtu barabarani anaelewa matawi. Nikalala.

Jibu lilikuja baada ya muda: fundi atafika asubuhi. Hakuna aliyenipongeza, na kwenye orodha ya mwezi ule ya magari yaliyochelewa jina langu lilikuwemo. Lakini hakuna aliyenikata mshahara pia, kwa sababu ujumbe ulikuwepo, picha zilikuwepo, na hakuna mkubwa wa ofisini aliyekuwa tayari kuandika kwa mkono wake mwenyewe, "Nenda hivyo hivyo." Maneno ya simu yanasahaulika upande wa pili. Ndiyo maana nawaambia vijana: kwenye simu sikiliza, kwenye maandishi ndiyo ujibu.

Usingizi nao uandike. "Nimechoka, nalala Mafinga, naendelea alfajiri." Madereva wengi wanaona aibu kuandika sentensi hiyo, wanatafuna mirungi ambayo kisheria ni dawa za kulevya, au wanakunywa vinywaji vya makopo mpaka moyo unadunda, ili tu wasionekane wavivu. Ofisi haijui kama umechoka. Kinachoonekana kwenye kompyuta yao ni alama inayotembea au iliyosimama.

Mpakani sitakaa sana, kwa sababu Tunduma inajifundisha yenyewe. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa 2019 na mambo yana utaratibu, ila foleni bado inaweza kukulaza. Weka maji, sukari, jiko dogo na sufuria, na usiondoke mbali na gari, hasa usiku, maana wanyonyaji wa mafuta hawalali. Kadi ya njano ya COMESA ni bima ya gari. Ya homa ya manjano ni yako wewe. Weka mahali tofauti usije ukatoa isiyotakiwa. Ukivuka Nakonde rudisha saa nyuma saa moja. Na ukifika Kongo utashangaa kukuta Kiswahili kinakusubiri, cha kwao, chenye Kifaransa ndani, ambacho wiki ya kwanza utakicheka na wiki ya pili utakuwa unakiongea.

Kuna niliyoyachukia kwenye kampuni ile, nisije nikaonekana nimelipwa kuisifu. Mafuta yakipungua kwa sababu ya foleni, unakatwa kwanza, maelezo yanasikilizwa baadaye. Gari likiingia gereji, wewe unakaa benchi, na benchi haina posho. Mshahara mtupu hautoshi nauli ya daladala na mboga. Ndiyo maana nasema usome mkataba kabla ya kushika usukani, hasa sehemu ya mshahara, sio ya posho. Madereva wa mabasi na malori walipogoma Aprili 2015, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao, na bado leo nakutana na watu wana miaka barabarani na hawajawahi kuuona mkataba. Angalia kama unachangiwa NSSF, na uhakikishe kwa kuangalia taarifa zako mwenyewe, usiridhike na maneno ya mhasibu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake. Wewe hukatwi kitu, ila siku umeumia kazini ndiyo utajua kama mwajiri wako amesajiliwa.

Kwenye usaili watakuuliza kama una maswali. Usiulize posho kwanza, hiyo utaambiwa tu hata usipouliza. Uliza hivi: gari likipata hitilafu porini saa nane za usiku nampigia nani, na yeye ana mamlaka ya kuniambia nilale? Kama anayekusaili ana jina na namba ya mtu wa zamu, saini. Akicheka akasema kwao magari hayaharibiki, chukua bahasha yako.